Nyuki wa Nguzo ya Baraza

Mvua ya kwanza ikinyesha Kanyosha, vumbi hutulia na wageni wawili huonekana uani kwetu. Wa kwanza ni inyamanza, yule ndege mweusi na mweupe anayetembea akitikisa mkia, ambaye hapa hakuna mtu anayethubutu kumrushia jiwe, ni mwiko. Wa pili ni nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa mbao kavu. Yeye na ukoo wake walihamia kwenye nguzo ya baraza yetu tangu baba akiwa hai, na kodi hawakuwahi kulipa.

Mama aliamini kwamba nyuki huyo akiingia sebuleni, mgeni yuko njiani. Wengi wanaamini hivyo. Lakini mama alikuwa na mgeni mmoja tu aliyemngoja. Kaka yangu alitoka asubuhi moja kwenda Kinama, upande wa pili wa mji, kutafuta kipuri cha pikipiki, hakurudi. Hatukupata maiti wala simu. Kwa miaka sita mama alikataa matanga. Nyuki akiingia, alisema, "Ongeza muchele. Mukubwa wako anakuya leo." Nasi tulikula huku tukitazama sahani ya kaka ikipoa.

Nilichoka, sisemi uongo. Nilichoka na wali wa baridi, na shingo ya mama iliyogeuka kila pikipiki ilipopita. Siku moja nikamwambia, "Mama, asiyekuwepo na lake halipo."

"Lake liko," akajibu. "Ni mi nalichunga."

Mwaka jana, kabla ya mvua, mama alipokwenda misa, nilikoroga saruji kidogo nikaziba matundu yote ya nguzo. Kisha nikaweka sikio kwenye mti. Ndani kulikuwa na mvumo, mdogo, wenye hasira. Nilisikiliza mpaka ukanyamaza, na ulichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Mvua ikaja. Inyamanza naye akaja, akazunguka madimbwi kama mwenye uwanja. Mama alikaa barazani kila alasiri, akiwa ameegemea nguzo ile ile. Wiki ya kwanza alitazama tu mlango wa sebule. Ya pili akauliza, "Nyuki ajakuya bado?"

"Bado, mama."



Wiki ya tatu alisema, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imekwisha, "Mutoto wangu alikufa. Nyuki alijua mbele yangu. Ita watu, tumulilie."

Watu walikuja, wengine kutoka Ruziba, na makreti ya bia na viti vya kuazima. Mama alilia kwa mara ya kwanza, akalia mpaka sauti ikakauka, kisha akala. Alinishika mkono mbele ya wote akawaambia kwamba mimi ndiye niliyemvumilia. Nilitaka ardhi inimeze. Sikumwambia, na bado sijamwambia.

Sasa mama analala vizuri. Nguo za kaka amezigawa. Mimi nikipita karibu na nguzo bado nasikia mvumo, ingawa najua humo hakuna kitu kinachoweza kuvuma. Najiuliza kama nilimzika mtu aliye hai.

Jana lango liligongwa. Mama hakuinua kichwa, aliendelea kuchambua maharage. Mimi nilikimbia kufungua.