Mafuta ya Pamba Kwenye Breki

Leo Alhamisi, mwezi wa nne tangu nitoke Njombe kuja Bariadi kusomba pamba.

Leo nusura mtu afukuzwe kwa kosa langu.

Breki za pikapu ya bosi zinasumbua msimu mzima. Fundi Masanja kabadilisha raba zinazozuia mafuta yasivuje mara tatu. Asubuhi, barabara ya Sapiwi, nakanyaga pedali, inazama mpaka chini. Mbele ng'ombe. Nikaingiza gari shambani.

Gari lilipovutwa hadi gereji, bosi akamfokea fundi: "Masanja, unaniwekea raba feki! Usiguse tena gari langu."

Masanja akachovya kidole kwenye kikopo cha mafuta ya breki, akanusa.

"Bosi, haya ni ya kukaangia maandazi. Ndiyo yanavimbisha raba."

Mafuta ya breki yakipungua njiani, mimi huongeza mafuta ya pamba ya kupikia. Nilidhani mafuta ni mafuta.

Ningeweza kunyamaza, jamani.

"Ni mimi, bosi."

Alinitazama mpaka nikainama. "Miezi yote namtukana mtu wa watu! Muombe msamaha. Ukimaliza unipishe, na mimi nimuombe."

Masanja akacheka: "Shikeni spana kwanza."

Ninyi mngesema ukweli?

Mama watoto, Jumamosi hii siji kama nilivyoahidi, tunasafisha mabomba yote ya breki. Nitegemee Jumamosi ijayo.