Paka wa muuza samaki kakatazwa samaki

Wakuu, hamjambo nyote. Haya yamenikuta mwenyewe, wallahi sijaongeza chumvi.

Kwanza mnijue. Shule niliachia darasa la nne, lakini leo hapa Likoni ukiuliza nguru mzuri yuko kwa nani, utaletwa kwangu. Friza zangu, nyumba yangu, sikurithi hata kijiko.

Nina paka, aitwa Sultani. Alianza kujikuna shingo na masikio, manyoya yakaisha, vikabaki vidonda.

Mke wangu akasema, "Baba Zuhura, huyu ana upele. Asije akamwambukiza mjukuu wangu. Mtibu au mtoe."

Nikanunua poda ya viroboto. Wapi! Jirani akasema nimuoshe maji ya bahari, nikararuliwa mkono bure. Paka yuwajikuna tu.

Nikampeleka kwa vet, daktari wa wanyama, kule Changamwe. Akamkwangua ngozi, akatazama kwa hadubini, hakuna mdudu. Akauliza, "Anakula nini?"

"Nguru, changu, vibua. Huyu hula kukushinda wewe, daktari."

"Basi samaki marufuku. Mpe nyama ya mbuzi tupu mpaka nikwambie."

Wakuu, paka asile samaki? Nilidhani anidhihaki. Nikafuata hivyo hivyo, na baada ya wiki kadhaa manyoya yakaota!

Nikarudi kushukuru. Akasema, "Sasa mpe kibua."

"Daktari, wewe wataka apone au afe?"

Akasema bila hivyo hatuna uhakika, pengine amepona mwenyewe tu. Nikampa. Haikupita muda, shingo yote yakunwa tena. Daktari akafurahi: "Ni food allergy! Mrudishe kwenye mbuzi." Nikatoka kichwa chanizunguka. Paka augua, daktari acheka?

Nyumbani mke wangu aliposikia akaangua kicheko. "Si useme ana mzio! Sisi kwetu samaki taa ni mzio wa ukoo, hatumli. Mbona mimi hukunirudisha kwetu?"

Akamchukua Sultani, akamlaza mkekani kando ya mjukuu.

Nililojifunza: mnyama akijikuna usirukie dawa. Mwone vet, angalia anacholeshwa, na jaribio ulimalize hata kama laonekana wazimu.

Lakini bado sijaelewa. Amekula samaki tangu mdogo, iweje leo wamkatae? Wajuzi nielezeni polepole. Na mwenye mbuzi asiyepatana na majani ajitokeze, nisijione peke yangu.