Kimbunga Kimepoteza Nguvu

Siku hizi redio ikitaja kimbunga, namwambia kila mtu anyamaze mpaka taarifa iishe, akiwemo baba mkwe wangu. Hapa Mbalibali, na kwetu Gorong'a nilikozaliwa, mkamwana hamnyamazishi baba mkwe. Hata kupita mbele yake unapita kwa adabu. Mimi namnyamazisha, naye ananyamaza. Anayeshangaa na ashangae.

Wengine husema ni kiburi cha ualimu. Kiburi ninacho, sikatai, nimefundisha shule ya msingi muda mrefu na sauti yangu imezoea kutiiwa. Lakini hiki hakikutoka shuleni. Kilitoka Kilwa, mahali ambapo sijawahi kufika, na ambako mdogo wangu alifia.

Yeye alikuwa mvulana pekee wa Mama, na ndiye aliyenifuata kuzaliwa. Nilipoolewa, ng'ombe wa mahari yangu waliingia zizini kwetu, na kwa mila yetu wakawa wake, ili siku ikifika naye aoe kwa ng'ombe hao. Kwa hiyo kaka anamheshimu dada yake maisha yote, na dada ana haki ya kumgombeza kadiri anavyotaka. Haki hiyo niliitumia ipasavyo.

Baba alishafariki, na Mama alitaka mwanawe aoe upesi. Yeye akasema hapana, ng'ombe waongezeke kwanza, asije akaoa halafu mke akakosa hata maziwa ya kumpa mgeni. Shida ilikuwa malisho. Upande huu hifadhi, upande ule mashamba, na katikati watu wanagombana kila kiangazi. Vijana wengi wa kwetu walikuwa wameshapeleka mifugo kusini, wakirudi wanasimulia majani yanayofika kiunoni. Naye akapakia ng'ombe kwenye lori akaondoka nao kwenda Kilwa. Mama alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi amekasirika, akapalilia shamba zima peke yake.

Kila aliponipigia simu alianza vilevile.

"Shikamoo, dada. Ng'ombe zako zinakusalimia."

"Marahaba. Ziambie zikutafutie mke."

"Wanawake wa huku wanaogopa ng'ombe."

"Wanakuogopa wewe, mura, siyo ng'ombe."

Alicheka kwa sauti kubwa kusikia namwita mura, yaani kijana kwa Kikurya, kisha mtandao ukakatika. Kambi yao ya wafugaji ilikuwa bondeni, kando ya mto, na ili simu ishike ilibidi mtu apande juu ya kichuguu. Kwa hiyo maongezi yetu yote aliyafanya akiwa amesimama juu ya kichuguu, fimbo kwapani, akiwatazama ng'ombe wangu. Hivyo ndivyo ninavyomwona mpaka leo nikifumba macho.

Sisi watu wa Mara vimbunga tulivisikia kama tunavyosikia habari za nchi nyingine. Tunaijua radi, tunaijua mvua ya mawe inayochana mahindi. Bahari ni rangi ya bluu kwenye ramani ninayotundika darasani. Ndiyo maana asubuhi ile, tukinywa chai uani kwa baba mkwe, redio iliposema kuna kimbunga kinakuja kutoka baharini, hakuna aliyeacha kutafuna kiazi chake. Mtangazaji akataja mikoa: Mtwara, Lindi, Pwani. Akawaambia wavuvi na watumiaji wengine wa bahari wachukue tahadhari. Baba mkwe akasema poleni sana wavuvi, akaomba aongezewe chai.

Mimi nilisikia Lindi tu. Kilwa iko Lindi. Nikainuka na kikombe mkononi, nikampigia.

Simu haikupatikana. Nilimpata mchana, wakati wanafunzi wako mapumziko, nikamweleza nilichosikia. Alikuwa ameshasikia kwenye mnada wa ng'ombe.

"Hiyo ni ya wavuvi, dada. Mimi sina mtumbwi."

"Umeambiwa Lindi nzima."

"Bahari iko mbali na hapa. Tangu nihamie nimeiona mara moja, nilipokwenda mjini kununua dawa ya kuogeshea mifugo. Nikaionja, ni kweli ina chumvi."

Baadaye nilikuja kuelewa jinsi habari ilivyosambaa kule. Kwenye vijiji vya barabarani mtu wa serikali ya kijiji alipita na pikipiki akitangaza kwa kipaza sauti. Misikitini wakatangaza baada ya sala. Ujumbe ukaingia kwenye simu za watu, ukisema upepo mkali, mvua kubwa, mawimbi, na wanaoishi mabondeni wahame. Kambini kwa akina mdogo wangu hapakuwa na msikiti, pikipiki haikufika, na simu ilikuwa kitu cha kupandishwa kichuguuni ukiwa na shida yako. Simlaumu mwenye pikipiki. Labda hakujua kama kule ndani kuna watu. Watu wenyewe walikuwa Wakurya na Wasukuma waliokuja na mifugo, hata kijiji hakijawazoea.

Jioni nilimpigia tena, nikatumia silaha ambayo haijawahi kunitupa. Nikamwambia Mama analia. Mama hakuwa analia, alikuwa Gorong'a anapepeta ulezi na hajui lolote. Lakini mdogo wangu akasema basi, wamekubaliana na mwenzake wahamishe ng'ombe juu kwenye kilima cha mawe mpaka mambo yapite. Mwenzake huyo alikuwa kijana wa huku kwetu, aliyesafiri naye kwenye lori moja. Nilishukuru nikalala vizuri.

Siku ya kimbunga, Mbalibali kulikuwa na jua. Nilifundisha hesabu za sehemu, jua likiingia madirishani, wakati kule Kilwa miti inang'oka. Sijui kama kuna upweke mwingine wa namna hiyo, kumhofia mtu kwa ajili ya mvua ambayo kwako hainyeshi. Mama nilikuwa nimeshamwambia. Alihama na kigoda chake akakaa karibu na redio siku nzima, ingawa Kiswahili cha redio kinamkimbia na maneno mengi hayashiki.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa uani tena. Mtangazaji akasema kimbunga kimefika nchi kavu na kimepoteza nguvu. Baba mkwe akasema asante Mungu, akazima redio ili betri zisiishe. Nami nikasema asante Mungu. Nilikuwa na furaha kiasi cha kuimba nikiosha vyombo. Simu ya mdogo wangu ikaingia kabla sijamaliza.

"Shikamoo, dada. Ng'ombe zako zimelowa."

"Na wewe?"

"Nimelowa kuliko hizo. Lakini wamesema kimekwisha. Tunashuka, huku juu ni mawe matupu, zinalia njaa."

"Haya. Msalimie mwenzio."

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, na hayana chochote ndani yake. Nimeyageuza kila upande.

Walishuka. Ng'ombe wakala, ndama wakafungwa kwenye banda lao dogo wasinyonye maziwa yakaisha kabla ya kukamuliwa, kama kawaida. Kesho yake, mchana, jua likiwa limetoka hata kule, mto ukafurika. Mvua iliyonyesha huko juu, mbali na macho yao, ndiyo iliyokuwa inashuka. Mwenzake alinisimulia kwamba walisikia ngurumo wakadhani ni lori. Wakafungua zizi kubwa, ng'ombe wakatoka mbio kuelekea kilimani, nao nyuma yao. Walikuwa wameshafika pakavu. Hapo ndipo mdogo wangu aliposikia ndama, akakumbuka kwamba wamefungwa.

Alirudi. Mwenzake alimshika shati, likachanika. Siku ya mazishi mwenzake huyo alikuwa na kipande chake, amekikunja mfukoni, hajui ampe nani. Nilikichukua mimi.

Ng'ombe wote wakubwa walipona. Ng'ombe anaogelea, na hao hata kuogelea hawakuhitaji. Ndama walikufa kwenye kamba zao, isipokuwa wawili aliowahi kuwafungua. Yeye alipatikana upande wa chini wa mto, kwenye matete.

Safari ya kumleta nyumbani ilikuwa ndefu na siwezi kuiandika. Tulimzika Gorong'a, nyuma ya nyumba, karibu na baba yake. Wazee wakakaa, wakashauri kwamba ng'ombe warudishwe na Mama aoe binti kwa ng'ombe hao, kama mila inavyomruhusu mama asiye na mtoto wa kiume, ili apatikane mjukuu wa kubeba jina la marehemu. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho. Akawajibu kwamba kwa ng'ombe waliomrudisha mwanawe majini hataleta mtu nyumbani, na yeye mwenyewe hataki kuwaona. Basi wakabaki huko huko kusini kwa yule kijana mwenzake, anayewachunga mpaka leo.

Miezi ilipita kabla sijaisikia ile taarifa yote. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameihifadhi kwenye simu yake, kutoka kwenye kundi moja la walimu ambalo mimi silifuatilii. Tulikuwa ofisini tunasahihisha madaftari, akaniuliza kama nataka, nikasema ndiyo. Nikasikia mtangazaji yuleyule, sauti ileile: kimbunga kimepoteza nguvu. Hapo ndipo baba mkwe alipozima redio. Sauti ikavuta pumzi, ikaendelea kusema kwamba hata hivyo mvua kubwa bado zinatarajiwa, mito itajaa, na waliohama mabondeni wasirudi bado.

Onyo lilikuwepo. Lilisemwa wazi, kwa Kiswahili cha kueleweka, kwa wakati wake. Niliweka kalamu chini nikalia mbele ya walimu wenzangu, jambo ambalo sikulifanya hata kaburini.

Nilimchukia baba mkwe kwa muda, nasema ukweli. Nilimpikia, nikampelekea maji ya kunawa, na moyoni nilikuwa nauona ule mkono wake ukizungusha kitufe. Lakini kule kilimani hakuna aliyezima redio, na wao pia waliambiana kimekwisha tu. Mtu aliyeogopa usiku kucha akisikia habari njema hangoji sentensi ya pili. Mimi ningengoja? Nilikuwa naimba. Siku moja nilimsikilizisha mzee ile taarifa. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akaomba nirudie, akasikiliza tena. Tangu hapo betri za redio ananunua yeye, na habari zikianza anaongeza sauti.

Msimu huu kimetajwa kingine. Tulinyamaza wote uani, hata watoto, tukasikiliza mpaka mtangazaji akaaga. Kisha nikampigia Mama kule Gorong'a, kwa sababu ameniagiza nimweleze kila kitu kwa Kikurya, nisiruke. Nikamweleza mikoa, upepo, mawimbi, wavuvi, wasafiri wa majini, wanaoishi mabondeni.

"Wenye ng'ombe wamewataja?" akauliza.

"Wamesema wananchi wote, Mama."

"Hawajawataja. Mpigie yule kijana."

Nilimpigia. Alipatikana mara moja, nikasikia upepo kwenye simu na kengele za ng'ombe.

"Shikamoo, dada. Tuko juu tayari. Ndama ndio niliotangulia kuwapandisha, na sikuwafunga."

Nikampigia Mama tena nikamweleza. Mama hajawahi kukutana na kijana yule isipokuwa siku ya mazishi, na siku hiyo hakumpa hata mkono.

"Mwambie asishuke," akasema. "Hata redio ikisema kimekwisha, asishuke mpaka nimwambie mimi."