Simu Huru ya Sindo

Fundi wa simu pale Sindo hutengeneza za watu wote, kisha yake mwenyewe huizima na kuiwasha mara arobaini kwa siku. Ni simu ya Linux, mfumo wa kompyuta usiomilikiwa na kampuni yoyote, na programu zake anajiandikia mwenyewe. Ni simu huru, tena huru mno: tangu Januari haijakubali kupigiwa na mtu. Akiulizwa, hupangusa kioo kwa shati, polepole, na kusema kwa sauti ya daktari, "Wiki hii itakuwa sawa."

Jumatano Risper, mkewe, alifika zahanati na mtoto mwenye homa, akakumbuka kadi ya kliniki imebaki kibandani kwa mumewe. Akapiga, akitarajia kuambiwa mteja hapatikani. Ikaita! Akapiga tena, ikaita. Hakuna aliyeshika. Akarudi kwa miguu juani, mtoto mgongoni, akamkuta fundi akicheza, wateja wakimpigia makofi. Akaichomoa kadi chini ya laptopu.

"Baba Jeff, ulisikia nikipiga?"

"Nilisikia! Imeita mara mbili!"

"Sasa mbona hukushika?"

Akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini Mama Jeff, hiyo ya kushika bado sijaandika."