Mtutu Uliohukumiwa Kufa

Saa moja na robo asubuhi, kiwanja cha shabaha hakijafunguliwa. Fundi Tambara anafumba jicho moja, jingine analipeleka nyuma ya mtutu. Tambara lililompa jina liko mfukoni. Leo haligusi.

"Safi kama sahani ya mgeni," anasema.

Ametunza bunduki za klabu hii miaka ishirini na miwili. Wasichana kumi na mmoja wanagawana bunduki tatu ndogo. Hii ndiyo anayoitumia mpwa wake, na Jumamosi timu inachaguliwa.

Wiki iliyopita risasi za binti huyo zilitawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Kocha akakata shauri: mtutu umekufa, bunduki itupwe, binti asubiri mwakani.

Fundi alikataa. Klabu ilikuwa imenunua risasi za bei ya chini, nta yake ya kuziteleza imekauka. Risasi kavu ikipita huacha vigamba vya madini yake mtutuni, na inayofuata hupotea njia. Siku tatu alivisugua kwa brashi ya shaba, taratibu, kutokea nyuma.

Jana kocha akajaribu risasi tano nzuri. Kila moja ilikwenda kwao.

"Si nilikwambia, mzee? Basi sugua tena."

"Sisugui. Mtutu uliotoka kuoga hauna adabu mpaka risasi zenyewe ziupake nta mpya. Nipe ishirini."

"Maiti hapigiwi mizinga ishirini, mzee wangu!"

"Basi mpigie huyu. Akifufuka utanunua soda."

Sasa binti amelala kifudifudi. Risasi ya kumi bado inatangatanga. Ya kumi na tano inakaribia katikati. Baada ya ishirini, anabadilishiwa karatasi na kupiga tano za mwisho.

Kocha anaileta karatasi mwenyewe. Matundu yote matano yanafunikwa na kifungo kimoja cha koti.

"Mjomba," binti anasema, "kumbe halikuwa kosa la mkono wangu!"

"Mkono wako ungekuwa mbovu ningekuambia. Mimi sibembelezi mtu."

Kocha anakubali: Jumamosi binti atapiga pamoja na wenzake, na kuanzia sasa hakuna risasi itakayonunuliwa kabla fundi hajaijaribu.

Je, Jumamosi fundi atakwenda kumshangilia mpwa wake?

"Nitakwenda," anasema, akilitoa tambara mfukoni na kuvuta kiti. "Lakini kwanza hizi bunduki mbili zilizobaki. Nazo zililishwa chakula kilekile."