Nyasi za Ihanda kwenye Mchicha wa Mama Neema

Nilitoka Ihanda kwa sababu ya maneno ya Mama Neema. Nilikuwa nimepeleka posa kwa binti yake, na jibu likaja kwa simu: "Watu wa kahawa hukaa wakingoja mti uwalishe. Mwambie aje Msangano nimwone akishika jembe." Neema alinisimulia huku anacheka. Mimi sikucheka. Nampenda Neema, lakini na jembe langu nalo lina heshima yake.

Asubuhi niliondoka kwenye ukungu, nimevaa sweta zito. Tunduma nikashuka kununua sukari na kitenge cha zawadi. Mwenye duka, mtu wa Tanga, akanitazama juu mpaka chini.

"Waenda wapi na sweta hilo, ndugu yangu?"

"Msangano, kulima ukweni."

"Basi sweta niachie. Na ujuaji uache hapa hapa."

Sikuacha hata kimoja.

Baada ya Tunduma njia inashuka na joto linapanda. Nilifika Msangano sweta likiwa kiunoni na jasho likinichuruzika. Mama Neema alinipokea vizuri, akanionyesha bustani yake ya mchicha. Matuta yalikuwa yamefunikwa matawi ya miba, udongo uko wazi juani. Nikawaonea huruma watu wa huko. Kwetu mti wa kahawa hauachwi uchi. Chini tunatandaza nyasi kavu ili unyevu ukae.

"Mama, miba hii ya nini?"

"Ndivyo tunavyofanya huku, baba."

"Niachie mimi."

"Haya," akasema, akaenda kukaa kivulini. Neema alinikonyeza niache. Nikadhani ananisifu.

Kufika jioni nilikuwa nimetupa miba yote na kutandaza nyasi kila tuta. Nililala nikijiona bwana shamba.

Siku zilizofuata walikuja mchwa, maana huko nyasi kavu ni karamu yao. Nyuma ya mchwa wakaja kuku wa kijiji kizima, wakachakura mpaka mchicha ukabaki mizizi juu. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikaona posa yangu imekwenda na kuku.

"Nisamehe, mama," nikasema. Nikaotesha upya, nikarudisha miba kwa mikono yangu, ikanichoma ipasavyo.

Jioni ya mwisho tulikula ugali na kuku. Mbele yangu Mama Neema akaweka firigisi, ambayo haipewi mgeni wa njiani.

"Kula, mkwe wangu. Mchicha wako umo humo."

Nilirudi Ihanda na uchumba na somo: kabla hujatupa miba ya watu, uliza inazuia nini.

Msimu huo huo Mama Neema alikuja kwetu kupanga harusi. Akasimama shambani kwenye miti ya kahawa, anatetemeka kwa baridi, anazikodolea macho nyasi zangu.

"Takataka zote hizi za nini?"

"Ndivyo tunavyofanya huku, mama."

Akashika jembe. "Niachie mimi."

"Haya," nikasema. Nikampa sweta, nikaenda kukaa jikoni kuota moto.