Namba ya Simu Pembeni mwa Bango

Watu walimwita Nukta, kwa sababu hakuondoka kwenye kibao mpaka nukta ya mwisho iwe duara kamili. Kazi yake ilikuwa kuandika vibao: vya vinyozi, vya mafundi baiskeli, vya shule, na vile vya "Usikojoe Hapa", ambavyo watu waliusifia mwandiko wake kisha wakakojoa papo hapo. Na tuseme ukweli, alikuwa mwoga. Akiona gari la polisi alivuka barabara. Kwenye mikutano ya mtaa alikaa karibu na mlango, na ikifika zamu ya maswali alikumbuka ghafla kwamba ameacha kopo la rangi wazi.

Wodi ya wazazi pale kwenye zahanati ilikuwa imefungwa miezi minane. Diwani alikuwa ameweka humo mifuko yake ya saruji, ati kwa muda tu. Wanawake walipeleka barua, wakaambiwa wasubiri. Kisha mama mmoja akajifungulia getini, mvua inanyesha, mlinzi anatafuta ufunguo ambao hakuwahi kupewa. Mtoto hakupona. Hapo wanawake wakasema basi, wataandamana hadi ofisi ya diwani.

Aliyewakusanya alikuwa shemeji yake Nukta, mdogo wa mkewe, mshona nguo mwenye maneno makali kuliko mkasi wake. Alikuja na maboksi kumi na mawili yaliyokunjuliwa, akayabwaga sebuleni.

"Shemeji, mwandiko wetu unachekesha. Tuandikie wewe, tusomeke."

"Mimi simo, shemeji. Niacheni na rangi zangu."

"Kwani nimekwambia uje? Lete mkono tu, miguu yako baki nayo."

Mkewe alimtazama, na kutazamwa vile ni kubaya kuliko kutukanwa. Akakubali, kwa sharti kwamba hakuna atakayejua. Aliandika chumbani, pazia limeshushwa, mlango umekomewa mchana kweupe: FUNGUENI WODI. MTOTO AMEFIA GETINI. Herufi nyeusi, zimesimama wima.

Sasa sikia kilichompata. Kwa miaka ishirini na sita mkono wake ulikuwa ukimaliza kila kibao kwa namna moja: chini kabisa, kona ya kulia, kwa herufi ndogo, "Kazi ya Nukta", na namba ya simu. Mkono haukuomba ruhusa. Mabango kumi na mawili, mara kumi na mbili. Hata wanawake hawakugutuka, maana kwa miaka yote hiyo hawajawahi kuona kibao kisicho na maneno yale.

Maandamano hayakufika mbali. Polisi walitokea kwenye kona ya soko, wanawake wakatawanyika, mabango yakabaki barabarani. Kesho yake asubuhi Nukta akiwa juu ya ngazi, anaandika mlango wa duka la dawa, simu ikalia.

"Wewe ndiye Nukta?"

"Ndiyo mkuu. Una kibao?"

"Ninavyo kumi na viwili," sauti ikasema kwa upole. "Viko hapa kituoni. Kesho saa tatu njoo utuambie nani alikuagiza. Usitusumbue kukufuata."

Alishuka ngazi kwa kuikumbatia. Mwenye duka alipomuuliza kulikoni, akajibu kwamba ni harufu ya rangi. Rangi aliyoivuta maisha yake yote!

Nyumbani alimweleza mkewe wakiwa jikoni, kwa kunong'ona, ingawa walikuwa wawili tu.

"Nitasema nilipewa kazi nikaifanya. Si uongo."

"Watakuuliza nani alikupa."

Mkewe akaendelea kukosha sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

"Sikuambii umtaje, sikuambii usimtaje," alisema mwishowe. "Yule ni mdogo wangu na wewe ni mume wangu. Usiniulize mimi." Halafu akalia, na Nukta akaona afadhali angemfokea.

Saa tatu alikuwa kituoni, ameketi kwenye benchi. Njia nzima alikuwa amelirudia jina la shemeji yake, na aliona aibu jinsi lilivyokuwa jepesi mdomoni. Neno moja tu, na angerudi kwenye ngazi yake kabla rangi haijakauka kwenye brashi.

Ofisa alikuwa na bango moja mezani. Hakupiga kelele. Alifungua daftari, akashika kalamu.

"Mzee, wewe huna kosa. Umetumiwa. Wamekuandikisha uongo, wewe hujui. Nimeuliza zahanati, kwenye vitabu vyao hakuna mtoto aliyekufa. Hayupo. Nitajie waliotunga, uende zako."

Jina la shemeji lilikuwa limemfika Nukta kwenye meno.

"Yupo," akasema.

"Nani yupo?"

"Huyo mtoto, mkuu."

"Ulimwona?"

"Sikumwona." Akakohoa, akaanza upya. "Nilimwandikia kibao cha kaburi. Baba yake alikuja na kipande cha ubao. Mtoto hakuwa na jina bado, kwa hiyo niliandika tarehe tu. Ya kuzaliwa na ya kufa. Niliandika tarehe moja mara mbili, mkuu. Sijawahi kuandika hivyo."

Ofisa hakuandika kitu.

"Nimekuuliza nani alikuagiza," ofisa akasema, safari hii taratibu zaidi, na taratibu ile ilitisha kuliko makelele.

Nukta alikuwa akiogopa kiasi kwamba hakuuona vizuri uso uliokuwa mbele yake. Aliogopa pingu, aliogopa kipigo, aliogopa mkewe kuja hapa na chakula asiruhusiwe kuingia. Hofu haikumpungua hata chembe.

"Andika mimi," alisema. "Maneno ni yangu."

Ofisa akaita askari, na Nukta akaambiwa avue mkanda na viatu.